Ukungu Ukishuka, Mashine Haizimwi

Kamwene, vijana wa usharika. Mmeniomba niandike juu ya kazi niliyoifanya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na najua mlitegemea niseme kwamba zamani tulikuwa na nidhamu na ninyi hamna. Hilo mtaambiwa na wengine. Mimi nilikuwa nasaga nafaka. Watu wa kwetu waliniita fundi mashine, ingawa ndani ya kile kibanda kilichokuwa juu ya kilima kulikuwa na injini, kinu, mkanda na mimi mwenyewe, sote tumepakwa unga. Nimekubali kuandika kwa sababu moja tu. Namhofia bibi yenu Anyesi kila ukungu unaposhuka, na hamtanielewa bila kuielewa ile mashine kwanza.

Siku hizi mwanangu Yohana anabonyeza kitufe cha kijani na mota inazunguka. Inavuma kama nyuki waliofungiwa chupani. Ukivuka barabara tu huisikii tena. Mnakuja na kiroba juu ya bodaboda, mnasagiwa huku mnatazama simu, mnaondoka. Hakuna anayemjua aliyekuwa mbele yake. Sisemi ni vibaya. Umeme hauvunji mtu meno.

Injini ya dizeli ilivunja. Ile ya Mzee Eliudi ilikuwa ya silinda moja, ina gurudumu zito la chuma pembeni, na iliwashwa kwa hendeli. Unainua kidude cha juu ili valvu ibaki wazi, unazungusha taratibu, unaongeza, gurudumu likishapata nguvu unaachia kidude na kuchomoa hendeli papo hapo. Ukichelewa, hendeli inakurudia. Siku yangu ya kwanza nilichelewa, kwa sababu nilikuwa namwangalia msichana aliyesimama kwenye foleni. Ilinirudia kinywani, na hili pengo mnaloliona ninapocheka ni la siku hiyo. Mzee Eliudi aliliokota jino, akalipuliza unga, akanikabidhi.

"Enea," akasema, "hii mashine haipendi mtu mwenye mawazo mawili."

Msichana alicheka mpaka ngata ikamdondoka kichwani. Huyo ndiye bibi yenu.

Mzee Eliudi, mwenye mashine, alikuwa Mkinga aliyetoka Makete na mzigo wa biashara mgongoni, akaoa kwetu, akabaki. Mtu mfupi, mkimya, mbishi kama mlango uliovimba kwa mvua. Alifundisha kwa kiwiko. Ukikosea, kiwiko cha mbavu. Ukifanya vizuri hupati kitu, na hiyo ndiyo sifa yako. Wazee wa wakati huo walimchukia kidogo, maana wake zao waliliacha jiwe la kusagia, na mama mkwe wangu alikufa akisema unga wetu unanuka moshi. Alikuwa akisaga wake mwenyewe, amepiga magoti, akiimba, na alipotuona tukipita na unga wa mashine alikuwa anageuza uso. Kwa hiyo msidhani ni ninyi wa kwanza kuambiwa mmeharibu mambo. Na sisi tuliambiwa.

Kusaga kwa injini ilikuwa kazi ya masikio na vidole. Mahindi yakiwa makavu, nyundo za kinu zinaimba. Yakiwa na maji, zinanung'unika. Mnajua akina mama wa kwetu wanakoboa, wanaloweka, wanaanika, ndipo wanaleta kusaga ili unga uwe mweupe. Sasa mwezi wa Juni jua la Njombe linachungulia tu na kurudi ndani. Mahindi hayakauki, na mtu ameshaahidi wageni ugali. Anakuletea hivyo hivyo. Unayamwaga, chekeche linaziba, unga unageuka uji ndani ya kinu, unazima kila kitu ufungue na kukwangua kwa kijiti, na foleni nzima inakukasirikia wewe badala ya mwenye mahindi. Anyesi alikuwa bingwa wa kunifanyia hivyo. Nilimwambia siku moja, "Dada, haya mahindi ungeyapika tu." Akanijibu, "Na wewe ungeyasaga tu." Nikaona huyu atanifaa.

Unga unaotoka unausugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiwa wa moto kupita kiasi, ujue kinu kina njaa, nafaka inaingia kidogo, au nyundo zimelika. Mkanda ukiteleza tulipaka utomvu wa mpaini, kidogo, kwa sababu ukizidisha unang'ang'ania mpaka unachanika. Na khanga isiyofungwa vizuri haisogei karibu na mkanda. Hapo Mzee Eliudi hakutumia kiwiko, alitumia fimbo, kwa mteja na kwangu pia. Kulikuwa na pipa la maji ya kupozea injini, na asubuhi za baridi kali akina mama walilizunguka kupasha mikono joto, watoto wamefichwa kwenye mablanketi mgongoni, habari za kijiji kizima zinasemwa pale. Nafaka ililetwa kwa debe la bati, lile la mafuta ya kula lililotiwa mti wa kushikia. Lilikuwa na sauti yake likitua chini, bati juu ya udongo mgumu. Ndoo zenu za plastiki hazisemi kitu. Nyumbani kwetu lipo debe moja la bati mpaka leo, la bibi yenu, na hataki kusikia habari za ndoo.

Sikio ndilo lililoniponyoka katika kazi hiyo. Bomba la moshi lilitokea ukutani upande wangu wa kushoto, na kadiri miaka ilivyokwenda sikio la kushoto likafa. Daktari kule Njombe alilimulika, akanishikia chuma kinachotetemeka pembeni mwa kichwa, akasema hapo hapapiti kitu tena. Kanisani bibi yenu hukaa kulia kwangu ili anieleze mchungaji amesema nini. Huwa ananieleza anavyotaka yeye.

Sasa niwaambie juu ya mlio. Injini yenyewe ilikohoa tu. Waliosaga zamani walifunga kipande cha bomba juu ya tundu la moshi, na sauti ikazaliwa hapo. Mzee Eliudi alikwenda Makambako kwa mafundi wa malori akarudi na kipande cha propela shafti. Akakikata, akakitoboa, akakijaribu, akakikata tena, akina mama wanasubiri na mahindi yao, hajali. Mwishowe ikalia alivyotaka: tuku-tuku-tuku-tuku, nzito, ya kifuani. Na kila baada ya kitambo ilimeza pigo moja, kama mtu mwenye kwikwi, halafu ikaendelea. Ilikuwa kasoro ya pampu ya mafuta, na hakuitengeneza kamwe. Alisema akiitengeneza, watu wataichanganya na mashine za upande wa Lupembe.

Hakuyafanya hayo kwa fahari. Ninyi mna simu zenye ramani. Sisi tulikuwa na mlio. Ukungu wa kwetu unashuka watu wako njiani, na mtu haoni mkono wake mwenyewe ulioshika debe. Njia za zamani zilipita bondeni, kwenye vinyungu, zile bustani zetu za mabonde, na kule kulikuwa na matope yanayomeza mguu mpaka paja. Watu walitembea kwa kusikiliza. Mlio ukiwa mbele yako, uko sawa. Ukiwa pembeni, umepotea, geuka. Kwa hiyo sheria ya Mzee Eliudi ilikuwa moja: ukungu ukishuka, mashine haizimwi mpaka wote walioko njiani wamefika. Hata kama hakuna nafaka, inazunguka tupu. Anayefika mlangoni anataja jina lake kwa sauti, na anamtaja aliyemwacha nyuma. Wote wakishafika, fundi anatoka nje, anapiga kelele ndefu, "Nazimaa," anasubiri kidogo kama kuna wa kumkatalia, ndipo anainua kile kidude na injini inakata roho pole pole. Niliipiga kelele hiyo karibu maisha yangu yote. Bibi yenu anasema hata usingizini naipiga.

Kuna siku haikupigwa.

Mama Tulizo alikuwa jirani yetu, mwanamke mrefu, mpole, anayeongea kwa sauti ya chini hata akiwa na hasira. Siku hiyo alitoka na Anyesi, ambaye tulikuwa tumeshaoana, kila mmoja na debe lake. Ukungu ukawakuta bondeni. Mama Tulizo akasimama kufunga ngata yake upya, akamwambia mwenzake atangulie. Anyesi akafika mlangoni akasema, kama desturi, "Anyesi nimefika. Mama Tulizo yuko nyuma yangu."

Tukasubiri, hakufika. Wanaume wakashuka bondeni wakiita. Mzee Eliudi hakutoka kwenye injini. Aliijaza dizeli, akaijaza tena, giza likaingia inalia, kukapambazuka inalia, na mlio ule juu ya kijiji kilichonyamaza ulinitia baridi ambayo sijaipata hata kwenye jalidi ya Julai. Kisha dizeli ikaisha na mashine ikakata yenyewe.

Ukungu ulipoondoka walilikuta debe lake bondeni. Limesimama wima kwenye nyasi, limejaa, punje haijamwagika, na ngata juu yake. Yeye hakuonekana, siku ile wala baadaye. Watu walichimba matope kwa majembe mpaka wakaanza kuogopa watakachokipata. Mzee Eliudi hakulizungumza jambo hilo ila alipokuwa anakufa. Nilikuwa nimemshika mkono.

"Enea, mimi sikuizima," akasema.

"Najua, mzee."

"Sikuizima. Mafuta yaliisha."

Akageuza macho kuutazama mlango, na hakuyaondoa hapo mpaka mwisho.

Hakuwa na mtoto, mashine akaniachia mimi. Niliiendesha mpaka nguzo za umeme zilipofika kijijini na Yohana akaleta mota. "Baba, hii sasa ni chuma tu," akaniambia, na alisema kwa upole, hakunikosea. Mnunuzi wa vyuma chakavu akaja na lori lake la Kenta. Nilipanda nyuma nayo, nimeishikilia kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Pale Makambako, nyuma ya maegesho ya malori yanayokwenda Tunduma, walilivunja lile gurudumu kwa nyundo nzito mbele ya macho yangu. Bomba la mlio likarushwa juu ya rundo la rejeta kuukuu. Nayasema haya ili mtu asije kuniambia labda kuna aliyeinunua akaifunga mahali. Niliiona ikiisha.

Miaka ikapita, nikastaafu, vinyungu vya bondeni vikauzwa na kupandwa parachichi. Mwenye shamba akachimba bwawa la kumwagilia. Mmeliona: limetandikwa plastiki nyeusi kote, na kingo zake zinateleza kama sabuni. Ng'ombe wa jirani aliingia kunywa, akaogelea kuzunguka na kuzunguka akitafuta pa kushikia kwato, mpaka akachoka. Wakaweka waya, na waya kwetu haukai muda mrefu kabla wapenda njia ya mkato hawajautoboa.

Msimu wa baridi uliopita, Neema, binti wa jirani ambaye wengi wenu mnaimba naye kwaya, alipotea katika ukungu akitoka shule. Alitokea kwetu kwa upande wa bondeni, hakutokea barabarani, soksi zake zimejaa matope, simu inawaka tochi mkononi. Bibi yenu alimkalisha jikoni akampa chai. Mimi na Yohana tulikuwepo.

"Bibi, ile mashine nyingine mmeifunga wapi?" Neema akauliza.

Yohana akacheka. "Mashine ni moja. Na leo umeme umekatika tangu asubuhi."

"Siyo hiyo. Ile inayolia kule chini. Niliposhindwa kuona njia nikaifuata, nikajua itanileta hapa. Nimeshtuka sketi imenaswa kwenye waya wa bwawa."

"Inaliaje?" nikamwuliza.

Akafikiri kidogo. "Tuku-tuku-tuku-tuku. Halafu kama inameza kitu, babu. Halafu inaendelea."

Neema alikuwa bado anabebwa mgongoni nilipoipeleka injini ile Makambako. Hajawahi kusikia mashine ya dizeli ikisaga. 

Bibi yenu alikuwa anachochea moto. Hakugeuka. "Kumbe na wewe unaisikia," akamwambia Neema, kwa sauti ya mtu aliyepata mwenzake. "Mimi naisikia siku nyingi. Tangu walipochimba lile bwawa."

Neema alipoondoka nilimwuliza Anyesi kwa nini hakuniambia. Alisema ningemcheka. Ni kweli ningemcheka, na ningemcheka kwa muda mrefu, kwa sababu namjua na ninajijua. Lakini jioni ile hakuna aliyecheka nyumbani kwetu.

Kesho yake kulikuwa kweupe, nikateremka mpaka kwenye shamba la parachichi kumwuliza mlinzi kuhusu pampu. Nilikuwa nimeshajipangia jibu: ni pampu, mwangwi wake unapanda bondeni. Mlinzi akanionyesha mabamba ya kukusanya jua yaliyo juu ya paa.

"Pampu yetu ni ya jua, mzee," akasema. "Ukungu ukifunga haizunguki hata kidogo."

"Basi siku za ukungu unasikia nini hapa?"

"Siku za ukungu mimi sitoki kibandani," akasema, akanikaribisha hindi la kuchoma. Nilimwuliza tena kwa njia nyingine. Akaniambia chumvi iko kwenye kopo.

Nilirudi nikamwomba Anyesi aniahidi kitu kimoja, kwamba ukungu ukishuka hatatoka uani. Akaniahidi. Ni mwanamke mkweli, na nilimwamini, na naamini hata siku ile aliyotoka hakujua kwamba anavunja ahadi.

Ilikuwa mwaka huu, baridi ilipoanza. Nilikuwa nje napukuchua mahindi. Ukungu ukaja wote kwa pamoja, magunzi yakapotea miguuni pangu. Nikamwita anipe koti. Nikaingia ndani. Jikoni sufuria lilikuwa linachemka peke yake, gunia la mahindi limefunguliwa, na debe lake la bati halipo. Yohana alikuwa amekwenda Makambako kupeleka unga, na mashine ilikuwa imefungwa. Nilichukua fimbo nikatoka.

Niliita na kuita. Sauti yangu ilinirudia usoni, imelowa. Nikasimama njia panda bila kujua nielekee wapi, kwa sababu njia zote zilikuwa nyeupe.

Kisha nikaisikia. Naomba mnielewe vizuri hapa. Sikuisikia kwa sikio zima. Nililiziba hilo kwa kidole, nikabonyeza mpaka likauma, na mlio ukabaki. Ulikuwa ndani ya sikio la kushoto, lile ambalo miaka na miaka halijapitisha hata kengele ya kanisa. Tuku-tuku-tuku-tuku, ikameza, ikaendelea. Na kabla ya kuogopa, vijana wangu, nilifurahi. Machozi yalinitoka. Miguu ikashika mteremko yenyewe, na nikajikuta nawaza kama dizeli inatosha na kama mkanda umepakwa utomvu. Hivyo ndivyo inavyompata mtu. Haikuburuzi, haikutishi. Unaifuata kwa sababu maisha yako yote ndiyo iliyokufikisha salama.

Fimbo ilipogonga waya wa bwawa nikazinduka.

Ukungu ulikuwa mwepesi kidogo juu ya maji. Anyesi alikuwa ameshapita kwenye tundu la waya. Alisimama juu ya plastiki nyeusi, pale inapoanza kuteremka, debe kichwani, mkono mmoja umelishika, mgongo umenyooka kama wa msichana niliyemwona siku ya hendeli. Alitazama mbele kwa subira, kama anayetazama kisogo cha mwenzake. Nikiwa namtazama akasogea hatua ndogo, vile mtu anavyosogea foleni ikisogea. Maji yalimfika vidoleni.

Nilimwita jina. Hakunisikia, mlio ulikuwa mkubwa mno, na pale mashineni mtu hakusikika bila kupiga kelele. Nikiteremka kumkamata tutateleza wote wawili, na hapana pa kushika. Sikufikiri. Mikono yangu ilifanya kazi inayoijua. Nilisimama wima nikapiga kelele kwa pumzi zote nilizobakiwa nazo, "Nazimaa." Nikasubiri kidogo, kama desturi. Hakuna aliyekataa. Nikanyoosha mkono hewani nikainua kidude ambacho hakipo.

Mlio ukapungua. Tuku. Tuku. Tuku. Ukakata.

Nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye majani ya parachichi. Kisha ng'ambo ya bwawa, ndani ya ukungu, debe la bati likatuliwa chini, taratibu, na mtu asiyetaka kumwaga. La Anyesi lilikuwa bado kichwani pake.

Nikamnyooshea fimbo, akaishika, nikamvuta mpaka kwenye nyasi. Vidole vyake vilikuwa baridi sana. Aliponitazama alikuwa amekasirika, hasira ya kweli, kama nilivyomwona mara chache katika ndoa yetu.

"Baba Yohana, kwa nini umezima? Zamu yangu imefika."

"Zamu gani, mama? Nani alikuwa mbele yako?"

"Mama Tulizo," akasema. "Amesema nitangulie mimi."

Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono, debe nimelibeba mimi. Alilala mchana kutwa na alipoamka alikuwa bibi yenu yuleyule, ananigombeza kwa kuacha sufuria liungue. Nimelifikiria sana jambo hilo. Sheria niliyofundishwa ni kutozima mtu akiwa njiani, na mimi nimezima nikijua kuna mtu bado yuko njiani. Ningezima tena. Mke wangu ni huyu mmoja.

Lakini sina pumzi za kupiga kelele ile mara nyingi, na siwezi kuwa naye kila saa. Kila ukungu unaposhuka namwona anasogea mlangoni, kichwa amekiinamisha upande, anatabasamu. Nilijaribu kufunga mlango kwa ufunguo. Akalia kama mtoto, na siwezi kumfungia kama mbuzi mwanamke niliyezeeka naye. Yohana anasema tumpeleke kwa dada yake Njombe mjini, ambako kuna kelele za magari. Amekataa. Anasema yule aliye njiani atamwachia nani.

Ninyi ndio mnaopita barabara ile kwenda Makambako na kurudi. Siku ya ukungu mkimkuta bibi yenu njiani na debe kichwani, msimpe shikamoo mkapita. Simameni, mwulizeni anakwenda wapi. Atawajibu vizuri, kwa akili zake zote na kwa heshima, kwamba anakwenda kusaga, na mtaona hakuna ubaya. Msikubali. Mashine yetu iko uani, mlango wake unatazamana na mlango wa jiko lake, na bibi yenu akitaka kusaga hana sababu ya kutoka nje ya ua. Mtueni debe, mpandisheni pikipiki, mniletee mke wangu nyumbani.